Mhitimu wa Chuo Kikuu na Kazi Inayomngoja

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.



Mwezi Juni mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Siku hiyo hapakuwa na mpira. Walikwenda kufanya usaili wa kazi katika Idara ya Uhamiaji, na nafasi zilizokuwa zikigombewa zilikuwa 70. Miaka 11 baadaye, mwezi Machi 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania iliendesha usaili wa nafasi 1,596, na maombi yaliyopokelewa yalizidi 135,000. Mwanafunzi wa darasa la tano akipewa hesabu hiyo atajibu kwamba kila nafasi moja iligombewa na watu zaidi ya 84.

Kutokana na mambo ya namna hiyo yamezuka malalamiko mawili ambayo husikika kila mahali, maofisini, barazani na hata misikitini na makanisani. Waajiri husema kwamba wahitimu wapo tele, ila wanaoijua kazi ni haba. Wahitimu nao husema kwamba kazi hazipo, na chache zilizopo zina wenyewe. Malalamiko yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini anayetaka kuyapima kwa haki hana budi kwanza kuyatenganisha. Hata kama waombaji wote wale 135,000 wangekuwa hodari kupindukia, wangeajiriwa 1,596 tu, na wenzao zaidi ya 133,000 wangerudi nyumbani na vyeti vyao mkononi. Umahiri wa mwombaji hauongezi kiti katika ofisi ya kodi. Kwa hiyo mtu anayemwambia kijana kwamba amekosa kazi kwa kuwa hana ujuzi, bila hata kuuliza nafasi zilikuwa ngapi, anamwonea.

Pamoja na hayo, suala la ujuzi haliwezi kupuuzwa. Sehemu kubwa ya kazi za nchi hii haimo katika ofisi zinazotangaza nafasi magazetini. Imo katika mashamba, viwanda vidogo, maduka, shule, zahanati na kampuni za watu wachache, ambako mtu asiyeweza kazi huonekana siku ya pili. Tena hata hao wachache wanaopenya na kuingia katika utumishi wa umma wanakwenda kushika mali ya wananchi na haki zao. Mwaka 2014 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lilitoa matokeo ya uchunguzi ambayo, kama yalivyoandikwa magazetini, yalionyesha kwamba wahitimu 61 katika kila 100 wa Tanzania hawakuwa na ujuzi unaotakiwa kazini. Uganda ilikuwa 63, na Kenya 51. Tarakimu za namna hiyo zapaswa kusomwa kwa uangalifu, maana jibu hutegemea aliyeulizwa, na mwajiri akiulizwa juu ya mfanyakazi kijana ni nadra kumsifu. Lakini hata zikipunguzwa nusu, bado zinatisha.

Ni vema kukumbuka kwamba hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Chuo Kikuu kilipofunguliwa mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiotimia hata 20. Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1964, uliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi iwe inajitosheleza kwa watu wenye elimu ya juu. Katika mpango huo kijana aliyehitimu alikuwa kama mbegu iliyokwisha kuhesabiwa kabla ya mvua. Alijua atapelekwa wizara gani au shirika gani, na mwajiri alijua anampata nani. Hakuna aliyemwuliza uzoefu wa miaka mitatu, kwa sababu ilikuwa dhahiri kwamba uzoefu huo angeupata hapo hapo alipopelekwa, chini ya mkono wa mtu aliyemtangulia.

Lawama ya wakati ule ilikuwa ya namna nyingine. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuoni karibu 400, na papo hapo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi 1967 ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Swali lililoulizwa zama zile lilikuwa kama msomi ataitumikia nchi au atajitumikia nafsi yake. Kama aiweza kazi au haiwezi, hilo halikupewa nafasi kubwa, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba aliyekubali kutumikia atafundishika.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, katika kikao chake cha Musoma, ilikwenda mbele zaidi. Iliamuliwa kwamba kijana akimaliza kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa asiende moja kwa moja chuo kikuu. Kwanza afanye kazi kwa muda wa miaka miwili hivi, ndipo aombe, akiwa na maneno ya mwajiri wake na ya Chama kumshuhudia. Uamuzi huo ulikuwa na kasoro zake. Wasichana waliopata kazi na kuolewa hawakurudi kwa wingi, na ilibidi sharti hilo lilegezwe kwao mapema. Masomo ya sayansi nayo yaliumia, maana hisabati isiyotumiwa miaka miwili huota kutu. Katika miaka ya 1980 sharti lenyewe likaachwa. Lakini ni haki kukiri kwamba mwanafunzi aliyepitia utaratibu ule aliingia darasani akijua jalada ni kitu gani, akijua mshahara huchelewa, akijua mkubwa wa kazi hukasirika, na akiwa na maswali ambayo hakuyatoa kitabuni. Wapo wahadhiri wazee ambao mpaka leo huwasifu wanafunzi wa wakati huo kwa ukakamavu wa hoja zao.

Baada ya hapo yakaja mageuzi. Katika miaka ya 1990 Serikali iliacha kuwapangia kazi wahitimu wote, watumishi makumi ya maelfu wakapunguzwa kazini, na mamia ya mashirika ya umma yakauzwa au kufungwa. Mengi yamesemwa juu ya mashirika hayo, hasara zake na mameneja wake, na mengi ya hayo yalikuwa kweli. Jambo moja halikusemwa vya kutosha. Mashirika yale ndiyo yaliyokuwa skuli ya pili ya mhitimu. Yalikuwa na maofisa mafunzo, yalikuwa na karakana, yalikuwa na mafundi wakuu na wahasibu wakongwe ambao kazi yao mojawapo ilikuwa kumfundisha mgeni. Siku yalipokwenda, skuli hiyo ilikwenda nayo, na hakuna aliyeulizwa ni nani atakayeirithi kazi hiyo. Mfanyabiashara mwenye wafanyakazi watano hana ofisa mafunzo. Anataka mtu anayekuja Jumatatu na kuzalisha Jumanne. Vyuo navyo viliendelea kufundisha kana kwamba ng'ambo ya pili bado yuko mtu anayemngoja mhitimu ili amalizie kumpika.

Wakati huo huo idadi ikaongezeka. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilizaliwa mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria kiliundwa mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza mwaka 2007, na vya dini na vya watu binafsi navyo vikaanzishwa. Hilo ni jema, na mtu asithubutu kulijutia. Mtoto wa mkulima wa Namtumbo au Ngara ana haki ya shahada sawa na mtoto wa Oysterbay. Ila shahada hiyo mara nyingi ameipata kwa mkopo. Tangu sheria ya Bodi ya Mikopo iliporekebishwa mwaka 2016, anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kuurejesha. Kwa kijana aliyekopeshwa, basi, kuhitimu bila kuweza kazi si aibu tu ya jina. Ni deni linalomsubiri mlangoni.

Sasa waajiri wanataka nini hasa? Jambo la kushangaza ni kwamba mtu akiketi na waajiri na kuwauliza mmoja mmoja, ni mara chache husikia wakilalamika kwamba kijana hakusoma nadharia ya kutosha. Malalamiko yao ni ya mambo ambayo karani wa zamani mwenye darasa la nane aliyaweza. Kijana haandiki barua ikaeleweka. Hawezi kusoma jalada lenye kurasa 60 na kumweleza mkubwa wake kwa maneno 10 shauri limefikia wapi. Akitumwa kuandika muhtasari wa kikao, huandika kila alichosema kila mtu, lakini lililoamuliwa halionekani. Akipewa hesabu, huamini kila kinachotoka katika kompyuta, hata kama mashine imemwambia kwamba shule ya wanafunzi 300 inahitaji madawati 9,000. Akikosea, huficha mpaka kosa likaota mizizi. Asipoelewa, haulizi, kwa kuwa amefundishwa kwamba msomi hana cha kuuliza.

Liko pia jambo la kufanya kazi chini ya mtu mwenye elimu ndogo. Mtendaji wa kijiji aliyemaliza kidato cha nne anaweza kujua mipaka ya mashamba, ukoo wa kila kaya na chanzo cha kila ugomvi katika eneo lake. Afisa maendeleo mwenye shahada anayemwendea mtu huyo kwa dharau atarudi mjini na fomu zilizojazwa vizuri na habari za uongo. Mkulima naye ana namna yake ya kumpima mgeni. Akisikia maneno matatu ya Kiingereza katika sentensi moja, huitikia ndiyo kwa kila jambo ili mgeni aondoke haraka. Kasumba hiyo, ambayo Baba wa Taifa aliipiga vita tangu mwaka 1967, haijafa. Imebadili nguo tu.

Suala la lugha halikwepeki hapa, ingawa wengi hupenda kulikwepa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia hata katika sekondari na kuendelea. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na Kiingereza kikabaki. Matokeo yake yako mezani kwa kila mkuu wa idara anayepokea barua za kuomba kazi, zilizoandikwa kwa Kiingereza kilichonakiliwa kutoka barua ya mwingine, hata jina la ofisi ya kwanza likabaki humo. Lakini mtihani wa kweli ni kumwambia mwandishi huyo aandike jambo lile lile kwa Kiswahili. Mara nyingi hawezi pia. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba alichokosa ni mazoezi ya kupanga fikira na kuziandika, na mazoezi hayo hayakutolewa kwa lugha yoyote.

Kwa upande mwingine waajiri nao huomba mambo ambayo chuo hakipaswi kuyatoa. Wengi hutaka kijana aje tayari akiujua mfumo fulani wa kompyuta. Mfano wa karibu ni manunuzi ya Serikali. Aliyesoma ununuzi na ugavi na kufundishwa mfumo wa TANePS alikuta mwaka 2023 mfumo huo umeachwa na umeingia NeST. Je, alipoteza muda wake? Kama alikuwa amefundishwa mahali pa kubonyeza tu, ndiyo, aliupoteza wote. Kama alikuwa amefundishwa kwa nini zabuni hutangazwa, kwa nini anayetathmini asiwe ndiye anayeidhinisha, na hila gani hutumiwa na wazabuni wanaokubaliana bei gizani, basi mfumo mpya ulimchukua wiki mbili. Chuo kifundishe hilo la pili. Hilo la kwanza ni wajibu wa ofisi, nayo isilisukume kwa mwingine.

Ziko taaluma ambazo zimejijengea daraja kati ya darasa na kazi, na ni ajabu kwamba zingine hazikujifunza kutoka kwao. Daktari haachiwi wodi siku anayopokea shahada. Hufanya kazi mwaka mzima chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Mhandisi anao mpango wa mafunzo ya miaka mitatu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ulioanza mwaka 2003, ambamo huwekwa chini ya mhandisi mzoefu na kuandika taarifa za kazi aliyoifanya. Mwanasheria, tangu mwaka 2008, hupitia Shule ya Sheria kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Mwalimu hupelekwa kufundisha kwa mazoezi. Lakini aliyesoma utawala, elimu ya jamii, uchumi, siasa, historia au mipango, na hao ndio wanaojaza ofisi za halmashauri na wizara, daraja lake ni wiki zipatazo nane za mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo.

Yafaa kuzitazama wiki hizo nane kwa makini, maana humo ndimo wengi wa waliomo katika ukumbi huu wanamohusika wenyewe. Kijana hufika na barua ya utambulisho kutoka chuoni. Barua huchukua siku kadhaa kutoka masijala hadi kwa Afisa Utumishi, na siku nyingine kurudi. Hatimaye hupelekwa katika idara, ambako hakuna aliyeambiwa kwamba atakuja. Hakuna kiti. Hupewa kona, na kwa kuwa hakuna anayejua afanye nini, hutumwa kutoa nakala za karatasi, kupeleka chai, na kununua vocha. Mkuu wa kitengo ni mtu mwema, wala hana nia mbaya, ila ana kazi nyingi, na kumfundisha mgeni huonekana kuwa kazi ya ziada isiyolipwa. Mhadhiri msimamizi hupita alasiri moja, akiwa na wanafunzi wengine wengi wa kuwatembelea katika mkoa huo. Huuliza kama kijana anaendelea vizuri, huambiwa anaendelea vizuri, na hupanda gari. Wiki ya nane daftari la kumbukumbu za mafunzo huletwa kwa mkuu wa kitengo likiwa limejazwa siku zote 40. Ameandika kwamba alishiriki katika kuandaa bajeti. Mkuu husaini, hupiga muhuri, na humtakia heri.

Saini hiyo ni ushahidi wa uongo, hata kama imetolewa kwa huruma. Miaka miwili baadaye kijana yule yule atakuja kwenye usaili mbele ya meza ile ile, ataulizwa bajeti huandaliwaje, atababaika, na waliomsaini watatazamana wakisema kwamba vyuo vya siku hizi havifundishi.

Dawa ya jambo hili haihitaji mfadhili wala semina hotelini. Katika kila masijala yako majalada yaliyokwisha kufungwa, yenye mashauri yasiyo na siri na yaliyomalizika. Kijana apewe moja asome tangu ukurasa wa kwanza, aandike dokezo sabili la ukurasa mmoja akieleza tatizo lilikuwa nini, lilishughulikiwaje, na yeye angeshauri nini. Kisha mkubwa wake achukue kalamu nyekundu, amsahihishe, amrudishie aandike tena, na tena. Kijana aketi katika kikao cha idara na kuandika muhtasari wake sambamba na katibu, halafu ilinganishwe miwili hiyo. Apelekwe siku moja dirishani ambako wananchi huja na shida zao, asikilize tu. Aende na mkaguzi wa ndani stoo kuhesabu mifuko ya saruji na kuona kwamba idadi ya kwenye leja na idadi ya kwenye sakafu ni mambo mawili. Mtu aliyefanyiwa hivyo kwa wiki nane huondoka na kitu ambacho hata akienda kuuza mbolea Mbarali au kuendesha kituo cha watoto yatima kitamfaa. Muda wa mkubwa unaotumika kwa siku hauzidi nusu saa, na nusu hiyo, kwa kusema kweli, hupotea hata hivyo katika mazungumzo ya mpira.

Ndugu walimu wasidhani kwamba mzigo huu ni wa maofisi na vyuo tu. Kijana anayefika Mlimani akiwa na hofu ya kuuliza hakuipata Mlimani. Aliipata darasani mwa shule ya msingi, siku alipouliza kwa nini, akaambiwa anajifanya mjuaji. Mitaala ya sekondari ilibadilishwa mwaka 2005 ili izingatie umahiri wa mwanafunzi kuliko kukariri, na hilo ni jambo la miaka zaidi ya 20 sasa. Mitaala ilibadilika, mtihani haukubadilika kwa kiasi hicho hicho, na mwalimu mwenye akili hufundisha kinachotahiniwa. Ni nani atakayemlaumu, wakati mkuu wa shule, ofisa elimu, mzazi na hata diwani humpima kwa idadi ya madaraja ya kwanza? Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 90 hawezi kusahihisha insha 90 kila wiki, na insha ndiyo inayofundisha kuandika. Kwa hiyo hutoa maswali ya kuchagua herufi. Kijana anaweza kutoka darasa la kwanza hadi mwaka wa tatu wa chuo kikuu akiwa ameandika insha zilizosomwa na kusahihishwa kwa dhati zisizozidi vidole vya mikono yake miwili. Huyo ndiye anayetarajiwa kuandika barua ya Katibu Mkuu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2025, imeweka mkondo wa amali katika sekondari pamoja na mkondo wa jumla. Serikali pia, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, imekuwa ikijenga madarasa na maabara vyuoni na kuitazama upya mitaala ya vyuo vikuu pamoja na waajiri. Hatua hizo zinastahili kuungwa mkono. Lakini amali inayofundishwa ubaoni kwa chaki, bila karakana, bila msasa wala mashine, ni nadharia nyingine iliyovaa ovaroli. Na jengo jipya la chuo, likijaa wahadhiri wanaosoma maandishi yale yale ya mwaka 1998, litatoa wahitimu wale wale.

Ipo sehemu ya lawama ambayo ni ya waajiri peke yao. Tangazo la kazi ya ngazi ya chini kabisa linalotaka uzoefu wa miaka mitatu ni kichekesho, maana kila mwajiri akidai hivyo, uzoefu huo utapatikana wapi? Mwajiri wa namna hiyo anataka kuvuna shamba alilolima jirani. Wako wanaowatumia vijana kwa jina la kujitolea, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila hata nauli, na nafasi ikipatikana huja mtu mwingine aliyebebwa na kijikaratasi cha mkubwa. Wako pia, na jambo hili halipaswi kunong'onwa, wanaomdai binti mwili wake ili jina lake liingie katika orodha. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelitaja tendo hilo kuwa kosa la jinai. Kijana akiona kwamba mlango hufunguliwa kwa ujamaa, fedha au aibu, kumhubiria juu ya stadi za kazi ni kumdhihaki.

Na hatimaye kuna neno lililokuwa fasheni majukwaani: wahitimu wajiajiri. Neno lenyewe halina ubaya, na vijana wengi wamelitii na kufanikiwa katika ufugaji, usindikaji na ufundi wa simu na kompyuta. Ubaya ni kulitumia kama kifuniko cha kufunga mjadala. Anayejiajiri anahitaji stadi zile zile zinazotakiwa na mwajiri, tena kwa wingi zaidi: atunze hesabu ambazo hakuna wa kumkagua, aandike barua ambayo hakuna wa kumsahihisha, aombe radhi kwa mteja ambaye hana mkubwa wa kumtetea mbele yake. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kuvikopesha vikundi, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Anayetaka kujua kama vijana wameandaliwa kujiajiri asome maandiko ya miradi yanayowasilishwa kuombea fedha hizo. Ataona bei za vifaranga zilizobuniwa, soko lisilotajwa, na faida inayoanza mwezi wa kwanza. Waandishi wake si wavivu wala wajinga. Wamesoma miaka 16 bila mtu kuwataka wahesabu kitu halisi.

Vyuo vinakaribia tena msimu wa mafunzo kwa vitendo, ambao kwa vyuo vingi huangukia kati ya mwezi Julai na Septemba, na barua za utambulisho zitaanza kuingia masijala. Itafaa sana kila mkuu wa idara amteue mapema, kwa maandishi, ofisa mmoja atakayewajibika kwa vijana hao. Jalada la mafunzo lifunguliwe kabla hawajafika. Majalada mawili au matatu yaliyofungwa yachaguliwe na kuwekwa kando kwa ajili yao. Na ofisa huyo apewe ruhusa ya wazi ya kukataa kusaini siku ambayo hakumwona kijana akifanya kazi.